Anzeni na stoo: namna ya kumpata mkurugenzi mpya wa makumbusho ya sanaa ya mkoa

Nimekaa katika kamati ya kumtafuta mkurugenzi mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa mwajiriwa, mtunza rejista ya makusanyo, yule anayejua kila mchoro uko rafu gani na uliingia mlangoni lini. Mara ya tatu nilikuwa nimeshastaafu na nimeombwa kuingia kwenye bodi. Namwandikia mtu ambaye juzi mwenyekiti wa bodi amempigia simu na kumwambia, "Mkurugenzi ameaga, tunakuomba uiongoze kamati."

Mara ya kwanza tulikosea, na kosa lenyewe ni hili. Kila mgeni aliyefika kwa usaili tulimtembeza kumbi za maonyesho, bustani na chumba cha watoto. Stoo hatukumfikisha. Paa la upande wa mashariki lilikuwa linavuja, tumetega ndoo, na michoro 43 imeegemezwa ukutani chini ya nailoni. Bodi iliona aibu. Ikasema mkurugenzi mpya ataliona hilo akishaingia, na akishaingia atakuwa mwenzetu. Tuliyemwajiri aliliona siku ya tatu. Alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akaniuliza, "Mlijua?" Nikamjibu kwamba tulijua. Hakufoka. Ila tangu siku ile kila tulichomwambia alikihakikisha kwa mtu mwingine kwanza, na baada ya miezi 14 akapata kazi kwingine akaondoka. Simlaumu hata leo.

Iandikeni hali ya nyumba kabla ya kuandika tangazo

Mkurugenzi akiaga, bodi nyingi hukimbilia kutangaza nafasi. Zuieni haraka hiyo kwa wiki nne au sita. Mteueni kaimu mkurugenzi, na siku hiyohiyo mjulishane kwa maandishi kama anaruhusiwa kuomba kazi yenyewe au la. Kaimu aliyeachwa akibahatisha huongoza kwa woga, na wafanyakazi hugawanyika upande wake na upande wa mgeni asiyejulikana bado.

Katika wiki hizo andikeni waraka wa kurasa sita au saba ambao kila atakayefika hatua ya mwisho atapewa. Usiwe wa kusifia. Uanze na makusanyo: mna vitu vingapi, vingapi vimeandikwa kwenye rejista, vingapi vimepigwa picha, vingapi havina karatasi za kuonyesha vilitoka wapi. Mkiwa na vitu 6,000 na 2,200 tu ndivyo vilivyo kwenye kompyuta, andikeni hivyohivyo. Kisha jengo: paa, umeme, mitambo ya hewa, mara ya mwisho vifaa vya kuzima moto vilipokaguliwa. Kisha fedha, na hapa tenganisheni fedha zilizo huru na zile ambazo mfadhili amezifunga kwa kazi maalumu, kwa sababu mwombaji anayesoma jumla peke yake atadhani mnazo nyingi kuliko mlizo nazo. Wekeni hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Malizieni na migogoro: kesi iliyo mahakamani, familia inayodai mchoro wa babu yao, mfadhili aliyekasirika.

Deni ndilo bodi hupenda kulificha kuliko yote, na ndilo lenye hatari kubwa. Delaware Art Museum ya Marekani ilijikuta na deni la upanuzi wa jengo, na mwaka 2014 ikaamua kuuza kazi za sanaa ili ililipe. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa mchoro wa William Holman Hunt, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19. Chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa kikawataka wanachama wake wasiikopeshe makumbusho hiyo kazi za sanaa wala kushirikiana nayo kwenye maonyesho. Kwa makumbusho ya mkoa, inayoishi kwa kuazima, adhabu hiyo ni sawa na kufungiwa mlango. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, nazo zinasema pesa itokanayo na kuuza kitu cha makusanyo itumike kwa ajili ya makusanyo tu. Mkurugenzi mnayemtafuta anazijua kanuni hizi. Mkimficha deni, mnamwita aje awe mtu wa kulibeba jina baya lenu.

Kamati

Watu saba wanatosha. Wawe na mjumbe wa bodi anayezielewa hesabu, msanii, mwalimu au mtu wa jamii asiye na cheo popote kwenye makumbusho, na mfanyakazi mmoja aliyechaguliwa na wenzake kwa kura. Asipendekezwe na kaimu. Mwenye duka la sanaa au anayeuzia makumbusho kazi asiingie, hata akiwa rafiki wa wote. Kila mjumbe aandike na kusaini kwamba hatazungumzia majina nje ya kikao, na aseme mapema ni nani kati ya waombaji ni ndugu, rafiki au mdeni wake. Mfanyakazi anapaswa kuwa na kura kamili. Niliwahi kukaa kwenye kamati kama "msikilizaji", na nilichojifunza ni kwamba msikilizaji huombwa maoni yake baada ya uamuzi kupita.

Mnamtaka wa nini?

Makumbusho makubwa ya taifa yana naibu wa fedha, naibu wa makusanyo, mtu wa wafadhili na mtu wa habari. Ya mkoa ina watu 18, na mkurugenzi ndiye anayesaini hati za kuazima asubuhi, anazungumza na mfadhili mchana, na jioni anahutubia kwenye ufunguzi. Kwa hiyo bodi huandika sifa 20: awe msomi wa historia ya sanaa, hodari wa kuchangisha fedha, mjuzi wa majengo, mpole, mkali, mbunifu, mwenye nidhamu. Mtu huyo hayupo. Anayejionyesha kwamba ndiye, ana jambo anaficha.

Fanyeni zoezi hili kikaoni. Kila mjumbe aandike kwenye karatasi: baada ya miaka mitano, ni vitu gani vitatu visipofanyika tutasema tulikosea kumwajiri? Sisi mara ya pili karatasi zilirudi na majibu yanayokaribiana mno: paa liezekwe, rejista ikamilike, shule zirudi. Hakuna aliyeandika "maonyesho makubwa ya kimataifa", ingawa ndiyo tuliyokuwa tunayazungumzia kila kikao. Sifa za kazi zikatoka kwenye vitu vile vitatu, zikawa tano, na tangazo likaandikika kwa saa moja.

Tangazo

Liandikwe na watu wenu, lisomwe na mtu asiye wa makumbusho, na lisomwe tena na mtu ambaye ana sababu ya kutowaamini. Mwezi wa Februari 2021 Newfields, taasisi iliyoko Indianapolis, Marekani, ilitangaza nafasi ya mkurugenzi wa makumbusho yake ya sanaa. Tangazo lilisema atakayepatikana avute watazamaji wapya wa kila aina, huku akiwadumisha watazamaji wa siku zote wa makumbusho hiyo, na likawataja kuwa ni weupe. Neno moja tu. Ndani ya siku chache rais wa taasisi alijiuzulu, na nafasi iliyokuwa ikitafutiwa mtu ikawa habari ya dunia nzima. Sidhani neno lile liliteleza kwenye kalamu ya mtu mmoja. Tangazo hupita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja hudhani mwenzake amelisoma kwa makini.

Tajeni mshahara. Bodi husema itawaambia waombaji baadaye, na matokeo yake ni mnapoteza wiki nane na mtu ambaye mwisho anawaambia kiasi hicho hakimtoshi. Tajeni pia kama nyumba ipo, kama familia inasaidiwa kuhama, na kama shahada fulani ni lazima kweli. Wakurugenzi wazuri wawili niliofanya nao kazi walianzia kwenye elimu ya watoto, na tungeandika "shahada ya uzamivu ya historia ya sanaa" tusingewaona.

Kampuni ya kutafuta viongozi? Mkiwa na fedha, na mkiwa hamna mtu wa kuwapigia simu wakurugenzi wa kwingine, itawafaa: inawafikia watu ambao hawasomi matangazo kwa sababu wana kazi tayari. Malipo yake mara nyingi hufika karibu theluthi ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Ila msiikabidhi tangazo wala orodha fupi. Mtu wa nje hajui ni yupi kati ya wafadhili wenu anaweza kuitikisa nyumba.

Alama ziandikwe kabla bahasha hazijafunguliwa

Mwaka 2014 Italia ilibadili utaratibu wa makumbusho yake ya taifa, na mwaka 2015 wakateuliwa wakurugenzi 20 kwa tangazo lililo wazi kwa dunia nzima. Saba kati yao walitoka nje ya nchi, akiwamo wa Uffizi, makumbusho mashuhuri ya Florence. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Mwaka 2017 mahakama ya utawala ya mkoa wa Lazio ikafuta uteuzi wa watano, wakiwamo wa makumbusho ya Mantova, Modena na Taranto. Uraia ulikuwa hoja mojawapo, lakini zilikuwapo nyingine mbili zinazonihusu mimi na wewe: vigezo vya kutoa alama havikueleweka vizuri, na usaili ulifanyika milango imefungwa. Baadaye, mwaka 2018, baraza kuu la serikali la huko likaamua kwamba uraia hauwezi kuwa kizuizi kwa kazi hiyo. Fikirini lakini kile kipindi cha katikati: mkurugenzi ameondoshwa, wafanyakazi hawajui wamsikilize nani, na mikataba ya kuazima imelala mezani.

Basi chapeni karatasi ya alama mapema. Zile sifa tano, kila moja na uzito wake, na chini ya kila moja sentensi ya kueleza mtu wa alama moja yukoje na wa alama tano yukoje. Kila mjumbe asome maombi akiwa peke yake na kuandika alama kabla ya kikao. Kikaoni anzeni na yule ambaye alama zake zimetofautiana zaidi. Hapo ndipo pana mazungumzo. Aliyepewa tano na wote hahitaji dakika 40 za kusifiwa.

Karatasi hizo zitunzwe. Mara ya pili mwombaji mmoja wa ndani aliandika barua kulalamika kwamba aliachwa kwa chuki. Tulimwita, tukamwonyesha alama zake zote saba, majina ya wajumbe yamefunikwa. Alisoma kimya, akauliza maswali mawili, akaenda zake. Bado anafanya kazi pale, na ni mtu wa maana sana pale.

Usaili wa kwanza

Watu nane au tisa, kwa video, dakika 50 kila mmoja, maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Swali la "unatuonaje miaka mitano ijayo" liacheni, hujibiwa kwa hotuba. Haya ndiyo yaliyotufaa:

– Tuambie kuhusu onyesho ulilolifuta au kulipunguza. Nani aliumia, na ulimwambiaje?
– Mara ya mwisho bodi yako ilipokukatalia jambo, ulifanya nini kesho yake?
– Una makusanyo binafsi? Unanunua kazi za wasanii wa aina ileile tunayoikusanya sisi?
– Fedha zimepungua kwa sehemu ya kumi katikati ya mwaka. Unaanza kukata wapi, na wapi hugusi?

Lile la makusanyo binafsi huwashangaza wengi. Liulizeni. Mkurugenzi anayenunua kwa ajili yake kile ambacho makumbusho ingekinunua amesimama pande mbili za meza, na ni bora mjue mapema ili muandike mipaka kwenye mkataba.

Siku mbili, na saa tatu za stoo

Walioingia tatu bora waje kwa siku mbili kila mmoja, kwa gharama zenu. Siku saba kabla, wapelekeeni ule waraka wa hali ya nyumba. Asiyeusoma mtamjua kabla ya saa nne asubuhi.

Kabla ya chakula, kabla ya mwenyekiti, kabla ya hotuba yoyote, mpelekeni stoo. Wapo mtunza rejista, mhifadhi (fundi wa kutunza na kukarabati kazi) kama mnaye, na mjumbe mmoja tu wa kamati ambaye kazi yake ni kunyamaza. Mwacheni atembee. Mimi nimewatazama watu tisa wakiingia stoo kwa mara ya kwanza, na naamini saa hizo zilinifundisha kuliko usaili wote. Mmoja alisimama katikati ya chumba akatueleza mipango yake ya ukumbi mpya. Mwingine alitafuta kazi za majina makubwa, akaziona, akaridhika. Mwanamke mmoja alichuchumaa. Alianza na rafu za chini, kule ambako maji hufika kwanza, akauliza kwa nini vyungu vimewekwa sakafuni. Kisha akakitazama kipimo cha unyevu ukutani na kuuliza usiku huwa kinasoma ngapi.

Swali hilo la usiku lilinigusa. Makumbusho makubwa yamekubaliana kwamba vitu vingi vinaweza kukaa salama kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 na joto la nyuzi 16 hadi 25, mradi mabadiliko yasiwe ya ghafla. Mkurugenzi halazimiki kuzikariri namba hizo, ana wataalamu. Lakini anayejua kwamba mitambo ikizimwa saa 12 jioni ili kubana umeme, mbao hupanuka na rangi hubanduka usiku watu wakiwa wamelala, huyo amewahi kulala na wasiwasi wa kitu kisicho chake.

Baada ya stoo mpeni kisa cha mezani, dakika 30 za kujiandaa na 20 za kujibu. Chetu kilikuwa hiki: mtu tajiri anatoa michoro 12 ya msanii maarufu aliyefariki, kwa sharti ionyeshwe ndani ya miezi sita. Karatasi za kuonyesha ilitoka wapi zipo, lakini ni nakala. Mjumbe mmoja wa bodi ameshamshukuru hadharani. Tulikitunga baada ya yale ya Orlando, Marekani, ambako mwezi wa Juni 2022 maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliingia kwenye makumbusho ya sanaa na kuchukua kazi 25 zilizokuwa zimetundikwa kama za Jean-Michel Basquiat, mchoraji maarufu wa Marekani. Mkurugenzi alifukuzwa siku chache baadaye. Makumbusho ya mkoa hutamani jina kubwa moja la kuijaza foleni, na tamaa hiyo mara nyingi huzaliwa kwenye bodi. Kwa hiyo sikilizeni kama mwombaji anaweza kumwambia mjumbe wa bodi "bado" bila kumvunjia heshima. Mmoja wenu achukue nafasi ya mjumbe yule aliyeshukuru, na ambane kwelikweli.

Wafanyakazi nao wapewe saa moja na mgeni bila bodi chumbani. Wasiulizwe wanampenda nani. Waulizwe nini walikisikia, na nini hawakukisikia. Yule mlinzi wetu wa mlango wa nyuma, mzee aliyekuwa pale miaka 26, hakuhudhuria kwa sababu ya zamu. Jioni aliniambia, "Mama, huyu wa leo ameniuliza nafanyaje umeme ukikatika usiku. Toka nianze kazi hajaniuliza mtu." Nililipeleka kikaoni kama nilivyolisikia.

Simu za siri

Wadhamini walioandikwa na mwombaji watamsifu. Wapigieni, lakini ombeni ruhusa yake mzungumze pia na mtu aliyefanya kazi chini yake na mtu ambaye mradi wake ulikataliwa naye. Akikataa wote, mna jibu. Na tafadhali lindeni jina lake: yumo kazini kwingine, na uvumi ukimfikia mwajiri wake mmemharibia maisha kwa nafasi ambayo pengine hamtampa. Sisi tuliandika herufi tu kwenye karatasi zote mpaka siku ya barua.

Barua, mkataba, ufunguo

Mpigieni aliyeshinda, na akishakubali kwa maandishi wapigieni walioshindwa kabla ya tangazo kutoka, kwanza wa ndani. Asisikie kwa wenzake korido. Mwenyekiti mwenyewe ndiye apige.

Mkataba wa miaka minne au mitano, tathmini iliyoandikwa baada ya mwaka mmoja kwa kutumia vile vitu vitatu na si vingine, na kifungu kinachosema wazi kwamba bodi haiajiri, haiachishi wala haiwapi maagizo wafanyakazi wa chini ya mkurugenzi. Kifungu hicho mtakivunja. Kiandikeni ili awe na pa kuwaonyesha.

Siku ya kwanza msimwandalie sherehe. Mtunza rejista achague vitu 50 kwa bahati nasibu kutoka kwenye leja, na yeye, mkurugenzi mpya na mtu wa tatu wavitafute kimoja kimoja, wahakiki namba, hali na mahali. Sisi na yule mwanamke wa rafu za chini tulianza saa tatu asubuhi. Kufika saa tisa tulikuwa tumepata 47. Viwili vilikuwa kwa mhifadhi. Cha 50, sanamu ndogo ya mbao isiyozidi kiganja, tulikikuta saa kumi na moja kasoro robo ndani ya sanduku lenye namba isiyo yake, kimefungwa kwenye gazeti. Alikipiga picha, akarekebisha namba kwa penseli, akasaini fomu ya makabidhiano, nikasaini kama mjumbe wa bodi, na mtunza rejista akamkabidhi ufunguo wa stoo.